Sauti ya mama ilizima kabla ya mpaka wa tatu

MBAU, teritwari ya Beni. Video yenyewe ni ya dakika 11. Ilirekodiwa kwa telefone ndani ya parsele moja ya Oicha, ambako mama mzee alipokelewa na ndugu zake baada ya kuhama Mbau. Ameketi kwenye kiti cha plastiki, kitambaa kichwani, mikono juu ya magoti. Kijana wake wa kwanza, ambaye haonekani, anamuuliza: “Mama, shamba la kakao linaishia wapi?” Mama anainua mkono na kuanza kuonyesha, huku na kule, kana kwamba shamba liko pale mbele yake.

Shamba haliko pale. Liko ndani, kutoka barabara ya Mbau–Kamango, ile inayoshuka kuelekea bonde la Semuliki. Ni barabara ambayo wasikilizaji wa huku hawahitaji kuelezwa. Walio mbali pengine wanaikumbuka kwa tarehe 7 Desemba 2017, walinda amani wa Tanzania waliposhambuliwa na kuuawa kwenye kambi yao ya Semuliki. Raia walikuwa wanaikimbia barabara hiyo mbele ya siku ile, na wameendelea kuikimbia nyuma yake. Tangu mauaji yaanze kwenye eneo la Beni, Oktoba 2014, kuna familia za sekta ya Beni-Mbau zilizohama, zikarudi, zikahama tena, mpaka mtoto anashindwa kusema amehama mara ngapi.

Anayehama anabeba godoro, sufuria, watoto, mara nyingine mbuzi. Mipaka ya shamba anaibeba kichwani. Sheria ya ardhi ya mwaka 1973 inasema udongo ni wa Serikali, lakini vijijini mashamba mengi hayana karatasi yoyote. Yanajulikana kwa mdomo: mti huu, kijito kile, mawese ya jirani fulani. Ndiyo sababu yule kijana alichukua telefone siku ile. Mama alikuwa anakohoa, na ndani ya nyumba yote hapakuwa na mwingine aliyejua pande zote nne.

Mama alifariki bila kuliona shamba lake tena. Familia, ambayo sasa imetawanyika Oicha, Beni mjini na Butembo, ilipanga siku ya kuondoa matanga, na ikataka video fupi ya kumbukumbu: picha za zamani, wimbo wa kwaya, na mama mwenyewe akisema maneno machache. Wakapeleka telefone kwa fundi mmoja wa Mbau, kijana anayechaji telefone za watu kwa paneli ya jua, anayeandika barua za maombi ya kazi kwa kompyuta, na anayetengeneza video za harusi na za matanga. Jina lake linabaki kwake. Yeye mwenyewe aliomba hivyo, na majirani wa shamba nao hawatatajwa hapa.

Fundi alifanya kazi nzuri. Alikata video ya dakika 11 akabakiza kipande cha dakika 2 na sekunde 40, mama anaposema mpaka wa kwanza na wa pili. Pale mwisho akaifanya picha ififie polepole hadi giza, na sauti nayo ishuke pamoja nayo, kama inavyofanywa kwenye filamu. Hata zamani, kamera ilipokuwa inazungushwa kwa mkono, mpiga picha alikuwa anafunga kioo taratibu huku anaendelea kuzungusha, na watazamaji wakaelewa kwamba jambo limekwisha. Binti za marehemu walilia walipoiona.

Yaya wao hakulia. Aliiangalia mpaka mwisho, akasema: “Fundi, umemkata mama. Mipaka ni minne.”

“Yaya, nilifikiri ni ndefu sana kwa watu wa matanga.”

“Watu wa matanga watavumilia. Mwache amalize.”

Ombi lilikuwa dogo. Fundi alifungua tena projekti, akashika mwisho wa kile kipande kwenye mstari wa muda, akauvuta kuelekea kulia mpaka dakika ya 4 na sekunde 5. Kipande kikarefuka. Akacheza. Mama akasema mpaka wa kwanza, akasema wa pili, akainua mkono kuonyesha wa tatu, na pale pale picha ikaanza kuzama. Sauti nayo ikazama. Kuanzia dakika ya 2 na sekunde 40 hadi mwisho ilikuwa giza na kimya, dakika moja na sekunde 25 nzima, ingawa kipande chenyewe kilionekana kwenye mstari kimelala kirefu, rangi yake ile ile, bila alama yoyote ya ugonjwa.

Hapa ndipo mafundi wengi wa huku wanapotea, na wanapoteza pia moto wa betri. Yeye alidhani faili limeharibika. Telefone ilianguka mara ngapi? Kadi yake ya kumbukumbu ilinunuliwa wapi? Akaihamisha video upya kwa kebo. Giza. Akadhani kompyuta imechoka, akaizima, akaiwasha. Giza. Akaulizia programu mpya kwa rafiki wa Beni, na rafiki akamshauri anunue megabiti apakue toleo jipya. Paneli ilikuwa imefanya kazi tangu asubuhi chini ya mawingu, na betri ilikuwa inakaribia kulala. Ndani ya uwanja, shangazi mmoja alikuwa amekwisha kusema kwa sauti ya chini kwamba pengine mama hataki mpaka ule utajwe. Mtu mwenye kilio anasema mengi, wala hapaswi kuchekwa. Lakini pale hapakuwa na siri ya marehemu. Palikuwa na alama mbili ndogo ambazo fundi alizipanda kwa mkono wake juzi, na hazikuwa zimehama.

Inafaa kueleza alama hizo ni nini, kwa sababu zimekwisha ingia hadi kwenye programu za telefone ambazo vijana wanatumia kila siku.

Jina lake, kwa Kifaransa cha programu, maana yake ni picha ya ufunguo. Jina lilitoka kwa wachoraji wa katuni. Katika studio kubwa za Marekani, mchoraji mkuu alikuwa anachora zile picha muhimu tu: mtu ameinama, mtu amesimama. Picha zote za katikati, za kumwinua mtu kidogo kidogo, zilichorwa na wasaidizi. Leo msaidizi ni kompyuta. Fundi anasema: hapa picha ionekane 100, pale ionekane 0. Kompyuta inajaza katikati. Kama projekti inakwenda picha 25 kwa sekunde, na mfifio ni wa sekunde 2, kuna picha 50 za kujaza, na kila moja inapungua alama 2. Kipimo hicho cha kuonekana kinaitwa opasite. Kwenye programu nyingi alama yenyewe ina umbo la almasi ndogo, na fundi wa Mbau anaiita hivyo hivyo, almasi. Ni jina zuri, kwa sababu inafichama vile vile.

Kuna tabia mbili za almasi ambazo hazisemwi wazi, na ndizo zilizomzamisha mama.

Ya kwanza: almasi imefungwa kwenye kipande, si kwenye mwisho wa kipande. Fundi alipoweka almasi ya 100 kwenye dakika ya 2 na sekunde 38, na ya 0 kwenye dakika ya 2 na sekunde 40, programu haikuelewa “ififie mwishoni.” Ilielewa “ififie mama anapoinua mkono.” Mwisho ukivutwa, almasi zinabaki pale pale, juu ya mkono wa mama. Kipande kikifupishwa, ni balaa ya upande mwingine: almasi zinabaki nje ya kipande, na picha inakatika ghafla bila kufifia, au inakatika ikiwa imefifia nusu.

Ya pili: baada ya almasi ya mwisho, kipimo hakirudi. Kama ya mwisho ilisema 0, kila kitu kinachofuata ni 0, hata kiwe cha saa nzima. Programu haijui kwamba mtu alirefusha kipande ili aone zaidi. Inatii neno la mwisho iliyoambiwa. Ndiyo sababu giza lilianza kwa upole, kama lilivyopangwa, halafu likakaa.

Fundi hakuona hayo mara moja. Alifanya kile ambacho karibu kila mtu angefanya. Alisimamisha sindano ya muda katikati ya giza, kwenye dakika ya 3 hivi, akaenda kwenye kipimo cha opasite, akakivuta hadi 100. Mama akaonekana. Fundi akafurahi, akarudisha nyuma, akacheza. Mama akazama kwenye 2:40, halafu akaanza kurudi polepole, kama mtu anayetoka kwenye moshi, na akawa mzima kwenye dakika ya 3. Sababu ni kwamba kwenye kipande chenye almasi, kila ukigusa kipimo unapanda almasi mpya pale sindano iliposimama. Hakufuta ile 0. Aliongeza 100 mbele yake, na kompyuta, msaidizi mwaminifu, ikajaza katikati.

Akajaribu mahali pengine, kisha pengine. Katika jaribio moja alivuta kipimo chini kwa bahati mbaya, akakirudisha juu hatua chache mbele. Baada ya robo saa mama alikuwa anawaka na kuzima kama torosi yenye mawe mabovu. Watoto waliokuwa wamejaa mlangoni wakacheka. Yaya wa familia akawafukuza.

Jambo lililomwokoa ni jaribio la kawaida ambalo lingepaswa kuwa la kwanza. Alifungua projekti mpya, tupu, akatia ndani ile video ya telefone peke yake, bila kukata, bila kugusa chochote. Akacheza kuanzia dakika ya 2 na nusu. Mama akainua mkono, akasema mpaka wa tatu, akakohoa, akasema wa nne. Faili lilikuwa zima. Kadi ilikuwa nzima. Kompyuta haikuchoka. Ugonjwa ulikuwa ndani ya projekti, na mwenye projekti ni mmoja. Jaribio hilo lilichukua chini ya dakika moja. Anayetengeneza video kwa betri ya jua ana sababu nzuri zaidi ya kulianza hilo mbele ya megabiti, kuliko mtu wa Kampala au Nairobi mwenye moto siku nzima.

Sasa alijua pa kutafuta. Alifungua ule mstari mwembamba chini ya kipande ambako almasi zinaonyeshwa, akaukuza. Pale penye almasi mbili alikuta saba. Aliamua kuzifuta zote kwa mpigo, na hapa akakanyaga mtego wa tatu. Karibu na jina la opasite kwenye programu yake kuna saa ndogo. Ukiizima, almasi zote za kipande zinafutwa. Lakini kipimo kinabaki kile kilichokuwa chini ya sindano wakati huo, na sindano ilikuwa imesimama gizani, kwenye 0. Almasi zikaondoka, na mama akaondoka nazo, kuanzia sekunde ya kwanza. Kipande chote kikawa cheusi.

Hapo alinyamaza kwa muda. Kisha akarudisha nyuma hatua moja, akasogeza sindano hadi mahali ambapo mama anaonekana vizuri kabisa, ndipo akaizima ile saa. Mama akabaki, mzima, toka mwanzo hadi mwisho.

Lakini bila sauti. Kuanzia dakika ya 2 na sekunde 40 midomo ilikuwa inacheza na hakuna neno. Picha na sauti, hata zikitoka kwenye telefone moja na kufungwa pamoja, kila moja ina almasi zake. Aliyefifisha vyote viwili lazima avifungue vyote viwili. Kwa sauti kipimo si 100. Ni desibeli, na 0 ya desibeli maana yake ni sauti kama ilivyorekodiwa. Jambo hilo linawachanganya wengi: kwenye picha 0 ni kutoonekana, kwenye sauti 0 ni uzima. Fundi alizifuta almasi za sauti kwa njia ile ile, akahakikisha kipimo kiko 0, na sauti ya mama ikajaa kwenye kile chumba kidogo. Mmoja wa binti akatoka nje.

Kazi ingeweza kuishia hapo. Watu wengi wangeikubali, wangelipa franka zao, wangekwenda. Yaya ndiye aliyeomba aione tena pole pole, na ni vizuri kwamba aliomba.

Kwenye dakika ya 3 na kitu, nyuma ya mama, kijana mmoja anapita na bidoni ya maji. Anapita kwa sekunde 6 hivi. Anageuza uso kuelekea telefone, kisha anageuka haraka. Kijana huyo ni mmoja wa waliotoroka porini baada ya kutekwa. Kwa familia alikwisha kusema wazi kwamba hataki picha yake ionekane popote. Hakuna anayehitaji kuelezwa kwa nini. Video ya matanga haibaki kwenye matanga. Inapita kwa Bluetooth, inapita WhatsApp, inafika Kasindi na Komanda kabla ya wageni kumaliza kula.

Fundi alijua habari hiyo. Wazo lake la kwanza lilikuwa kukata zile sekunde 6 na kuunganisha pande mbili. Lakini mkato ulikuwa unamrusha mama kichwa, akaona ni vibaya, akaweka pale mfifio wa kuchanganya, ule wa picha moja kuyeyuka ndani ya nyingine, kwa sekunde moja. Ikawa laini. Ikapendeza. Na katikati ya ulaini ule, kwa kitambo kisichofika nusu sekunde, uso wa kijana ulionekana juu ya bega la mama, hafifu kama kivuli kwenye maji.

Mfifio wa kuchanganya unahitaji picha za ziada ili uchanganye. Inazitoa wapi? Kwenye sehemu iliyokatwa. Kwa kawaida unachukua nusu upande huu wa mkato na nusu upande ule. Kukata kwenye mstari wa muda hakufuti kitu, kunaficha tu, na mfifio unafungua kidogo pazia. Kwa picha 25 kwa sekunde, nusu sekunde ni kama picha 12. Jicho linazipita. Kidole kinachosimamisha video hakizipiti.

Kwa maoni ya hapa, hilo ndilo kosa la mfifio linalostahili kuogopwa zaidi Beni. Mama akizama gizani, kila mtu anaona na kulalamika. Uso ukichungulia nusu sekunde, hakuna anayelalamika mpaka mtu asiyetakiwa auone. Waandishi wa habari, vijana wa vyama vya vijana, na wote wanaokusanya ushuhuda wa waliohama wangefanya vyema kuangalia kila mchanganyiko picha moja moja, kwa mshale wa kibodi, kabla ya kutoa chochote.

Fundi alifikiria kuweka ukungu juu ya uso. Ukungu nao unaendeshwa kwa almasi: hapa uso uko kushoto, pale uko kulia, na kompyuta inapeleka ukungu kati yao kwa mstari ulionyooka. Mtu mwenye bidoni hatembei mstari ulionyooka. Anayumba, anainama, na kwa picha tatu nne uso unatoka nje ya ukungu. Inawezekana kupanda almasi kwa kila hatua yake, lakini ni kazi ya subira na betri ilikuwa imebaki robo.

Mwishoni walichagua njia ya wazee: kufunika. Sauti ya mama iliachwa iendelee bila kukatwa, na juu ya picha yake wakaweka picha ya maganda ya kakao yaliyoiva, iliyopigwa mwaka shamba lilipokuwa bado linafikika. Lakini hata kifuniko kikififia, kilicho chini kinachungulia. Kwa hiyo fundi aliingiza kakao mapema. Almasi ya 0 na ya 100 ziliwekwa zote mbili kabla kijana hajaingia kwenye picha, na sekunde moja nzima ya kakao ilipita kabla ya hatua yake ya kwanza. Kutoka pia ilikuwa hivyo: kwanza kijana aondoke kabisa, ndipo kakao ianze kufifia. Waliangalia picha moja baada ya nyingine, yaya kwa jicho lake na fundi kwa lake. Hakuna aliyeonekana isipokuwa kakao.

Ile video ya asili ya telefone, yenye uso, yaya aliihamisha kwenye fleshi moja na kuifuta kwenye telefone. Fleshi hiyo haitembei.

Ilibaki kuitoa na kuisambaza, na hapa mambo ni mafupi. Video inapopita WhatsApp kama video ya kawaida inabanwa tena ili iwe nyepesi, na mfifio kwenda giza ndio unaoumia kwanza: badala ya kuzima polepole, giza linaingia kwa vipande vipande kama matofali. Ni kwa sababu ubanaji unategemea vitu kubaki vile vile kutoka picha moja hadi nyingine, na kwenye mfifio kila sehemu ya picha inabadilika kwa wakati mmoja. Tiba ni kufanya mfifio uwe mfupi, au kutuma faili kama hati na si kama video, ingawa inakula unite zaidi. Kwa ndugu wa Butembo walituma kama hati. Wa Oicha walipelekewa kwa fleshi, pamoja na mtu wa pikipiki. Fundi aliijaribu kwanza kwenye telefone ya bei ndogo kuliko zote zilizokuwa zinachajiwa pale, kwa ruhusa ya mwenyewe, kwa sababu kioo cha kompyuta kinaonyesha giza vizuri kuliko telefone ambazo wengi wanazo mkononi.

Alitaka pia kufuta projekti ili apate nafasi kwenye disiki. Yaya alikataa, na hakuwa na kosa. Kule Wakaliga, Kampala, Isaac Nabwana alitengeneza mwaka 2010 filamu yake ya “Who Killed Captain Alex?” kwa kompyuta aliyoiunga mwenyewe, na kwa kukosa nafasi mafaili ya asili yakafutwa ili kazi nyingine ziingie. Filamu ilikuja kutazamwa na watu wa dunia nzima, lakini kwa nakala ya DVD isiyo safi, kwa sababu safi haipo tena. Video ya mama haitatazamwa na dunia. Itatazamwa na watu pengine 60, na labda siku moja na shefu wa kijiji akiwa ameketi mbele ya familia mbili zinazobishana. Projekti ilihifadhiwa.

Siku ya kuondoa matanga ilichezwa Oicha, kwenye televisheni ya kukodi, jenereta ikinguruma nyuma ya nyumba. Watu waliongea wakati wa picha za zamani. Mama alipoanza kuonyesha mipaka, walinyamaza. Mpaka wa tatu ni kijito, na mama anasema upande gani wa kijito. Wa nne ni mawese ya jirani.

Jirani huyo yuko hai. Yeye pia alihama, anaishi Beni mjini, na alikuja kwenye matanga. Video ilipokwisha aliomba warudishe sehemu ya mwisho. Wakairudisha. Akasema: “Mama yenu amesema kweli. Lakini mawese anayosema ni yale ya zamani. Yale mapya niliyapanda mimi, nikavuka kidogo. Mutapima kwenye visiki.” Wazee wawili waliokuwepo wakatikisa kichwa kukubali. Yaya akachukua daftari ya shule ya mtoto wake, akaandika maneno hayo kwa kalamu, pamoja na tarehe na majina ya waliosikia, na jirani akaweka sahihi. Video si karatasi ya kadasta, na daftari si karatasi ya kadasta. Lakini sasa viko viwili, na vinasema neno moja.

Fundi aliombwa kitu kimoja cha mwisho: mfifio urudishwe, kwa sababu bila huo video inakatika kama mtu aliyefungiwa mlango. Aliurudisha. Mara hii alisubiri mpaka kila kitu kimekatwa na kukubaliwa, na kipande hakitavutwa tena. Almasi mbili za picha na mbili za sauti ziko kwenye dakika ya 4 na sekunde 3, na dakika ya 4 na sekunde 5, baada ya mama kusema “basi,” na kushusha mkono wake juu ya goti.